Picha inaonekana ya zamani lakini mwaka haujulikani: anzia hapa

Ukipewa picha ya zamani na mtu akakwambia hii ni ya enzi za Mwingereza, usianze kuangalia rangi yake. Mombasa picha huzeeka haraka. Unyevu wa bahari, chumvi, joto la mwaka mzima, fremu iliyotundikwa ukuta unaopigwa na jua la jioni, albamu iliyokaa chini ya kitanda tangu watoto wako shule ya msingi, vyote hivi vinaila picha, na ndio sababu picha ya harusi ya 1994 kutoka Majengo yaweza kuonekana kongwe kuliko picha ya 1950 iliyofungwa kitambaa kikavu ndani ya sanduku Kibokoni. Uchakavu unakwambia picha ilitunzwa vipi, haukwambii ilipigwa lini. Ukilishika hilo nusu ya kazi umeshaimaliza.

Unachotafuta ni vitu viwili tu. Kitu ndani ya picha, au kwenye karatasi yake, ambacho hakikuwepo duniani kabla ya mwaka fulani, hicho kinakupa mwaka wa chini. Na kitu ambacho baada ya mwaka fulani hakikuwepo tena, hicho kinakupa mwaka wa juu. Picha iko hapo katikati, na kazi yako ni kuzisogeza hizo pande mbili zikaribiane mpaka zisogee tena haziwezi.

Vifaa ni rahisi: mwanga wa dirisha, lenzi ya kukuzia ya bei ndogo, penseli laini, na ile taa ya zambarau ya kuangalia noti bandia ambayo maduka mengi wanayo. Na mikono mikavu, tafadhali, shika picha pembeni, jasho la vidole huacha alama isiyotoka.

Dalili: picha nzima imekuwa kahawia au manjano

Hapa ndo watu wengi wanaruka moja kwa moja mpaka 1900. Lakini sababu zaweza kuwa nne na hazina undugu.

Yaweza kuwa iligeuzwa kahawia makusudi studio, kwa dawa, manake watu walipenda ile rangi na pia picha iliyopitishwa dawa hiyo hudumu zaidi. Hii ilifanywa tangu karne ya 19 mpaka katikati ya karne ya 20 na wako wanaoifanya mpaka leo. Ukiona kahawia imelingana kila mahali na giza lake bado zito, hakuna upande uliofifia kuliko mwingine, sababu ni hiyo na haikupi mwaka wowote, endelea na dalili nyingine.

Yaweza kuwa haikuoshwa vizuri. Picha nyeusi na nyeupe inatengenezwa na madini ya fedha yaliyo ndani ya karatasi, na baada ya dawa ya kukaza lazima ioshwe kwa maji mengi, sasa fundi akiwa na haraka au maji yakiwa ya shida dawa inabaki na inaendelea kuila ile fedha pole pole. Umanjano wake huja kwa madoa madoa, haulingani. Picha ya 1935 inaweza kuwa hivo na ya 1985 vilevile.

Sababu ya tatu ndo ukongwe wa kweli, karatasi ya ute wa yai. Ilitawala kuanzia miaka ya 1850 mpaka miaka ya 1890. Karatasi yenyewe ni nyembamba mno kwa hivo karibu kila mara imebandikwa kwenye kadi ngumu, na ukiweka lenzi unaziona nyuzi za karatasi kupitia picha, sehemu zilizokuwa nyeupe zimegeuka manjano. Angalia ukubwa wa kadi: ile ndogo ya sentimita 6 kwa 10 hivi ilianzia Ufaransa mwaka 1854, na ile kubwa ya karibu 11 kwa 16 na nusu ikaja 1866. Pwani yetu ukiipata kadi ya namna hii soma chini yake au nyuma, mara nyingi kuna jina la studio, na Unguja walikuwepo wapigapicha kama A. C. Gomes wakifanya kazi hiyo karne hiyohiyo ya 19.

Sababu ya nne ni filta ya simu. Instagram ilitoka Oktoba 2010 na tangu hapo kila mtu anaweza kuitia picha ya jana ukahawia na mikwaruzo. Hii ya mwisho inatambulika rahisi kwenye picha ya karatasi: inamisha picha mbele ya dirisha. Picha nyeusi na nyeupe ya jelatini, ambayo ndo ilishika soko baada ya ute wa yai kuondoka, ikizeeka kwenye hewa ya bahari hutoa mng'ao wa fedha wenye ubluu kidogo kwenye sehemu za giza hasa kandokando. Ule mng'ao hauchapishwi na mashine. Ukiuona unajua umeshika picha ya kweli iliyotoka chumba cha giza, na kwa kawaida haiendi nyuma kuliko miaka ya 1880.

Dalili: rangi zimeenda wekundu au waridi

Hii inafurahisha kwa sababu inakupa kipindi kizuri. Picha ya rangi ina rangi tatu juu ya karatasi, na karatasi za miaka ya 1960 na 1970 mpaka mwanzo wa 1980 zilikuwa na ile rangi ya samawati dhaifu, inapotea hata gizani, ndani ya albamu iliyofungwa, hapo inabaki nyekundu na manjano na watu wote wanaonekana wametoka juani. Picha ya namna hiyohiyo ikitundikwa ukutani kwenye mwanga mambo yanageuka, wekundu ndo unaondoka mbele na picha inakuwa ya kibluu au kijani. Kwa hivo usishangae dada na kaka wana picha mbili za siku moja, moja nyekundu moja ya kibluu, kila mmoja akidai yake ni ya zamani zaidi.

Tahadhari na picha zilizopakwa rangi kwa mkono. Hizi ni nyeusi na nyeupe halafu fundi kachukua brashi akatia wekundu midomoni, mashavuni, akapaka maua ya leso. Weka lenzi utaona rangi imevuka mstari, au nywele na kivuli vimebaki vyeusi tupu bila rangi yoyote. Zilipendwa sana kabla rangi ya kawaida haijawa rahisi, miaka ya 1940 mpaka ya 1960. Na ukumbuke nyeusi na nyeupe yenyewe haikufa siku rangi ilipofika, studio za mitaani ziliendelea nayo muda mrefu kwa picha za pasipoti na vitambulisho manake waliiosha wenyewe hapohapo nyuma ya pazia. Kusema "haina rangi basi ni kabla ya uhuru" ni kosa ninaloliona kila siku na linapoteza familia miaka ishirini mizima.

Dalili: mbele hapasemi kitu

Geuza nyuma. Mimi nasema nyuma ya picha ni muhimu kuliko mbele, na watu wanaopiga skani upande mmoja tu wanatupa ushahidi.

Kwanza gusa. Nyuma ikiwa na hisia ya plastiki, haichukui wino wa kalamu vizuri, haichaniki kama karatasi, hiyo ni karatasi yenye tabaka za plastiki, na Kodak walianza kuitoa kwa picha za rangi mwaka 1968, ya nyeusi na nyeupe ikaja 1972. Hakuna picha ya plastiki iliyochapwa wakati wa mkoloni. Hiki ni kipimo cha sekunde mbili na kinamaliza ubishi mwingi sana.

Ikiwa ni karatasi tupu, zima taa ya chumba uwashe ile taa ya noti bandia. Viwanda vya karatasi vilianza kutia dawa ya kung'arisha weupe miaka ya 1950, na dawa hiyo chini ya taa ya zambarau inawaka weupe wa bluu mkali. Picha ikiwaka hivo ilichapwa miaka ya 1950 au baadaye, haijalishi mtu amevaa nini. Isipowaka haimaanishi lazima ni ya kabla, manake si kila karatasi ilitiwa dawa, lakini ikiwaka neno limekwisha. Angalia usiwe unaangalia gundi au karatasi ya albamu iliyonatia nyuma, hizo pia zaweza kuwaka.

Halafu soma. Muhuri wa studio wenye "Mombasa, B.E.A." ni wa kabla ya 1920, manake mwaka huo nchi iligeuka ikaitwa Kenya na lile jina la British East Africa likaondoka. Anwani ya studio ikisema Salim Road, hiyo ndo Digo Road ya leo, ikisema Kilindini Road hiyo ni Moi Avenue, na Moi alishika urais Agosti 1978 kwa hivo muhuri wenye Moi Avenue hauwezi kuwa wa nyuma ya hapo. Studio nyingine walimaliza karatasi za zamani zenye anwani ya zamani hata baada ya jina kubadilika, kwa hivo jina jipya lina nguvu kuliko jina la kale.

Ikiwa ni postikadi yenye stempu, kichwa cha mfalme kinatosha: Edward wa Saba ni 1901 mpaka 1910, George wa Tano 1910 mpaka 1936, George wa Sita 1936 mpaka 1952, halafu Elizabeth.

Maandishi ya mkono yanahitaji akili ya ziada. Wino wa kalamu ya bol-peni haukuuzwa madukani kabla ya katikati ya miaka ya 1940, lakini aliyeandika anaweza kuwa mjukuu wa mwenye picha, ameandika 1990 anachodhani. Ukikuta maandishi kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili kilichoandikwa vile walivyoandika wazee wetu wa pwani, tafuta mtu anayeyasoma kabla hujakata tamaa, mara nyingi kuna tarehe, na mwaka wake ni wa Hijria. Zidisha mwaka huo kwa 0.97 uongeze 622, utapata Miladia kwa kukaribia. Mfano 1365 inakupa 1946, na kweli mwaka huo ulianza Desemba 1945. Mwaka 1383 ndo ule ulioangukiwa na uhuru wa Kenya. Nimeona watu wanasoma 1365 wanadhani ni namba ya faili la studio na taarifa yote wakaipuuza, inauma.

Nyuma ikiwa na herufi ndogo za nukta nukta zilizochapwa na mashine, namba za picha na alama zisizoeleweka, hiyo ilitoka kwenye zile mashine za kuosha picha kwa saa moja, yaani miaka ya 1980 kwenda mbele.

Umbo na kando za karatasi

Hapa sikawii. Kando zilizokatwa mawimbi mawimbi ni za miaka ya 1930 mpaka 1960. Picha ya mraba yenye rangi, karibu sentimita 9 kwa 9, mara nyingi imetoka kamera za Instamatic zilizoanza 1963. Pembe za mviringo na uso wenye vinundu vya hariri, miaka ya 1970. Mwezi na mwaka uliochapwa kwenye ukingo mweupe ni tarehe ya kuoshwa, si ya kupigwa, na filamu moja iliweza kukaa ndani ya kamera kutoka Idi mpaka Idi. Tarehe za rangi ya chungwa zilizomo ndani ya picha yenyewe kona ya chini ni za kamera za miaka ya 1980 na 1990, ziamini nusu, manake betri ikibadilishwa saa ya kamera inaanza upya na wengi hawakuirekebisha.

Dalili: ni picha ya mtaani, mahali unapajua lakini pamebadilika

Hapa Mombasa tumebarikiwa, kwa sababu mji umebadilika kwa vitu vikubwa vyenye tarehe.

Anza na maji. Daraja la Nyali la zamani lilikuwa la kuelea juu ya mapantoni, lilifunguliwa 1931, na daraja la zege la sasa likaja 1980. Picha ikionyesha daraja limelala juu ya maji basi ni kati ya miaka hiyo. Usilichanganye na daraja la kuelea la watembea kwa miguu la Liwatoni, hilo lilifunguliwa Januari 2021 na nimeshaona picha yake imetiwa weusi na weupe watu wanaiita ya mkoloni. Kwenda kaskazini, gari zikiwa zinapanga foleni ya feri ya Kilifi ni kabla ya 1991, mwaka daraja la pale lilipofunguliwa.

Kwenye barabara ya Kilindini tafuta pembe. Pembe za ndovu ziliwekwa kwa ajili ya ziara ya kifalme ya 1952, kwa hivo picha ya pale pale barabara tupu ni ya nyuma ya hapo. Ukiona vigari vidogo vya abiria juu ya reli nyembamba vinasukumwa na watu, umeenda mbali sana, hivyo vilitumika tangu miaka ya 1890 na vikaisha miaka ya 1920.

Fort Jesus ilikuwa jela mpaka 1958 na makumbusho yakafunguliwa 1960, sasa familia iliyosimama ndani ya ngome imevaa nguo za Idi inapiga picha karibu na mizinga haiwezi kuwa ya 1955. Halafu inua macho juu ya ngome uangalie bendera. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea pale mpaka 1963, manake ukanda wa pwani kisheria ulikuwa wake hata Mwingereza akitawala. Kwenye picha isiyo na rangi bendera nyekundu tupu huonekana kijivu kizito kisicho na mchoro wowote, watu hudhani ni kitambaa tu.

Picha za karibuni zinazojifanya za zamani hujifichua kwa vitu vidogo. Bango la M-Pesa kwenye kona ni baada ya Machi 2007. Matatu yenye mstari wa manjano ubavuni ni baada ya Februari 2004, sheria za matatu za waziri Michuki zilipoanza kutumika. Pikipiki za boda zikiwa zimejaa kila kona ni baada ya 2008, kodi ya pikipiki ndogo ilipoondolewa zikawa nafuu. Majengo ya katikati ya mji yakiwa meupe yenye kingo za bluu, 2018 kwenda mbele, kaunti ilipoamuru mji upakwe hivo. Na kule Lighthouse, bustani ya Mama Ngina ikiwa na ule mpango mpya wa kisasa ni 2019 kwenda mbele.

Namba za gari zisome kwa lenzi. Namba yenye herufi ya mwisho, mfano wa KAA ikifuatwa na tarakimu tatu na herufi, ilianza 1989, KBA ikaingia 2007 na KDA 2020. Lakini gari lisilo na herufi ya mwisho halikwambii ni kabla ya 1989, linakwambia tu gari lilisajiliwa kabla, na sote tunajua Peugeot zilizotembea na namba zao za zamani miaka na miaka. Kitu kipya kwenye picha kina nguvu, kitu cha zamani hakina, manake vitu vya zamani vinaendelea kuishi.

Dalili: ni ya ndani, ukuta na watu tu

Angalia ukuta vizuri. Dukani na ofisini kwetu picha ya rais hutundikwa, na hiyo ni zawadi: Kenyatta mpaka Agosti 1978, Moi mpaka Desemba 2002, Kibaki mpaka 2013, Uhuru mpaka 2022. Kalenda ya duka ikiwa ukutani na mwaka hausomeki, soma tarehe moja imeangukia siku gani na mwezi una siku ngapi, halafu linganisha na kalenda za miaka unayoishuku, miaka kadhaa tu ndo itakubali. Redio ndogo ya betri juu ya meza ni ya mwisho wa miaka ya 1950 au baadaye, na studio walipenda kumpa mtu redio aishike ili aonekane ana maendeleo, kwa hivo redio si lazima iwe yake.

Pazia la studio nalo lina hadithi. Picha za studio za Mombasa za katikati ya karne ya 20, kama zile za Parekh zilizosifika mpaka ng'ambo, zina mwanga uliopangwa kwa uangalifu, mtu kageuzwa bega, kivuli laini. Ukiona badala yake pazia limechorwa meli, ndege na maghorofa, maua ya plastiki kila upande na rangi kali, fikiria vibanda vya wapigapicha wa Likoni feri miaka ya 1990.

Nguo: zinasaidia lakini zinadanganya

Usimwangalie mzee. Mzee huvaa kanzu na koti la ujana wake mpaka anazikwa. Mwangalie kijana wa kiume wa miaka ishirini na msichana aliyejipamba, hao ndo wanafuata wakati. Suruali pana chini na viatu vya soli nene na nywele za afro ni miaka ya 1970. Buibui la zamani lile la kujifunika gubigubi na kulishika kwa mkono ni tofauti na baibui la kushonwa mfano wa abaya lililoenea miaka ya mwisho ya karne, ukiona binti wa mjini kavaa hili la pili huwezi kuisogeza picha nyuma sana. Ukanda na koti vya mitumba huleta fasheni ya Ulaya ikiwa imechelewa, kwa hivo vitabu vya fasheni vya Uingereza ukivitumia hapa jiongezee miaka.

Leso ndo kipenzi changu. Mwanamke akiwa amejifunga leso yenye jina linalosomeka, likuze, liandike, na utafute kama pembeni kuna "K.H.E. Mali ya Abdulla", hao ni wafanyabiashara wa leso wa Mombasa na wanawake wa mji wanazijua leso zao kwa jina na msimu zilipotoka. Peleka jina hilo kwa mama mwenye sanduku la leso. Atakwambia ilikuwa harusi ya nani, na harusi ina cheti.

Dalili zinagongana

Mtu kavaa ki-1940 lakini karatasi ni plastiki. Usichanganyikiwe, picha ina miaka miwili: wa kupigwa na wa kuchapwa. Ama negativu ya zamani ilichapwa upya, ama picha ya zamani ilipigwa picha. Ya pili imejaa majumbani kwetu, manake marehemu akiwa ana picha moja tu ya kitambulisho familia iliipeleka studio ikakuzwa itundikwe ukutani. Utaijua kwa weupe na weusi uliokatika ghafla bila kijivu cha katikati, mikunjo inayoonekana kwa macho lakini vidole havioni kitu, kivuli cha pini, au muhuri wa serikali uliokata bega. Ukubali vipimo vyote viwili na uandike yote mawili. Negativu ikipatikana soma ukingo wake, neno SAFETY linamaanisha si ile filamu ya kale inayoshika moto, ambayo ilikuwa imeachwa kufikia mwanzo wa miaka ya 1950.

Ninayo kwenye simu tu

Jina la faili kama IMG-20190412-WA0007 ni siku ilipopita WhatsApp, 12 Aprili 2019, si siku ya picha, na WhatsApp huondoa taarifa za kamera zilizomo ndani. Kuza mpaka mwisho. Ukiona nukta nukta zilizopangwa safu imetoka kwenye kitabu au gazeti. Vifungo vya shati visivyolingana, vidole vilivyoyeyuka, maandishi ya bango yasiyo lugha yoyote, basi kompyuta "imeirekebisha" na kila undani kwenye picha hiyo haufai tena kuwa ushahidi. Muombe mwenyewe akupigie picha ya ile ya karatasi, mbele na nyuma, bila kuipamba.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Tuseme mama kabeba mtoto chini ya pembe za ndovu, picha ya mraba, imeenda wekundu, nyuma plastiki. Pembe: 1952 kwenda mbele. Mraba wa rangi: 1963 kwenda mbele. Plastiki: 1968 kwenda mbele. Wekundu: kawaida haupiti mwanzo wa 1980. Kijana anayepita nyuma kavaa suruali pana, basi tuko miaka ya 1970. Sasa uliza mtoto ni nani. Ni dada mkubwa aliyezaliwa 1971, bado anabebwa lakini ana meno ya mbele. 1972, labda 1973. Vitu vingine vyote vilikuwa vinakuleta karibu ili swali moja la mwisho liweze kumaliza.

Na swali hilo lina namna yake. Usimuulize bibi "hii ni mwaka gani", atakupa mwaka wowote ili usimsumbue. Muulize nani alikuwa tumboni, nyumba ilikuwa ya makuti au mabati, ilikuwa kabla ya uhuru au baada, kabla ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, kabla ya mvua za El Niño za 1997. Muache aishike picha ya karatasi mkononi, siyo simu, na uwe na mtu mwingine wa rika lake karibu, wawili wakianza kubishana ndo ukweli unatoka.

Ukishapata andika nyuma kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza: majina, mahali, "kati ya 1972 na 1973", na sababu kwa kifupi ili atakayekuja aweze kukukosoa. Kalamu ya wino inapenya mpaka mbele, na picha yenye plastiki nyuma isiyokubali penseli andikia karatasi kando uziweke pamoja ndani ya bahasha ya karatasi, siyo mfuko wa nailoni, manake nailoni kwa unyevu wa hapa inagandisha picha. Iliyokwisha kuganda kwenye kioo cha fremu usiivute. Ipige picha ikiwa hivohivo kwanza.